Sista Sabuni na Mbwa wa Kaka Yake

Ifikapo tarehe 30 ya mwezi huu, baada ya miaka thelathini na miwili ya utumishi, muuguzi kiongozi wa chumba chetu cha vidonda atavua koti lake jeupe na kulirudisha stoo, likiwa limefuliwa na kupigwa pasi, maana tunamfahamu. Wagonjwa wanamwita Sista Sabuni. Sisi wenzake tunamwita hivyo hivyo, ila si mbele ya wakaguzi. Kamati ya sherehe imenipa kazi ya kuandika wasifu wake na kuusoma mbele yenu leo kwa sababu dirisha langu la dawa linatazamana na mlango wake. Mwenyekiti wa kamati aliongeza kwamba mimi ndiye mtumishi pekee niliyemsikiliza miaka yote hii bila kuwa na pa kukimbilia.

Alianza kazi wodi ya wazazi, na kwa maelezo yake mwenyewe alipanga kustaafia huko huko. Alihamishiwa chumba cha vidonda kwa wiki mbili tu, ashike nafasi ya mwenzake aliyekwenda likizo. Mwenzake akahama mji moja kwa moja. Hakuna aliyekumbuka kumrudisha Sista wodini, na yeye hakumkumbusha mtu. Alichokikuta humo ni benchi moja, dirisha lisilofunguka na bomba lililokuwa likitoa maji kama linaonewa. Alimwandama fundi bomba hadi fundi akawa anapita mlango wa nyuma kumkwepa. Mwisho bomba likabadilishwa, tangi la akiba likapandishwa juu ya paa, na tangu hapo chumba cha vidonda hakijawahi kukosa maji hata siku ambazo jiko la wafanyakazi halina tone.

Maji yalikuwa na sababu. Katika kituo chetu, mtu aliyeng'atwa na mbwa haanzii mapokezi wala kwa daktari. Anaanzia kwenye sinki la Sista, sabuni na maji yanayotiririka, robo saa nzima. Shida ni kwamba robo saa ni ndefu mno kwa mtu mwenye maumivu. Akiona damu imekatika anataka kutoa mkono. Kwa hiyo Sista alibuni utaratibu wake. Mgonjwa husimulia mkasa wote wakati anaoshwa: alikuwa anatoka wapi, mbwa wa nani, alikuwa amefungwa au yuko huru, alichokozwa au alijianzia mwenyewe. Simulizi ikiisha kabla ya muda, inaanza upya, na safari hii mgonjwa haruhusiwi kuruka pale alipokimbia. Kutoka dirishani kwangu nimewasikia wanaume wengi waliopambana na mbwa kishujaa katika simulizi ya kwanza, na katika ya pili wakajikuta juu ya tangi la jirani. Nimecheka mpaka nikashindwa kuhesabu vidonge.

Lakini haikuwa porojo. Kwa njia hiyo alijua mbwa yupi amemng'ata mtu wa pili katika mtaa ule ule, yupi amebadilika tabia ghafla, yupi hana mwenyewe. Daktari alipokuwa anafika, habari aliyoihitaji ilikuwa imeshachambuliwa na kidonda kimeshatakata.

Wapo waliofika wakiwa wamejitibu kwanza. Tumepokea vidonda vilivyopakwa oili ya gari, dawa ya meno, majivu, na kimoja kilichobandikwa manyoya ya mbwa yule yule. Sista hakuwahi kumfokea mtu kwa hilo; aliyekuja amekuja, alikuwa akisema, mengine tutayaosha. Yupo pia mwashi mmoja aliyeambiwa kwamba mbwa asiuawe, bali aangaliwe kwa siku kumi. Kesho yake mwashi akatutokea mapokezi akimvuta mbwa kwa kamba. Alisema yeye hana utaalamu wa kumwangalia mbwa, mwenye utaalamu ni Sista. Foleni yote ilihamia nje kwa kasi ambayo hatujaiona tena. Sista alitoka, akamweleza mwashi taratibu kwamba anaweza kumwangalia mwenyewe nyumbani, amfunge, ampe chakula na maji, na akiona ameanza kutoa mate ovyo, kulegea taya au kubweka kwa sauti ngeni, asimsogelee, aite daktari wa mifugo. Mwashi akaondoka na mbwa wake, na mbwa, nafurahi kusema, alikuwa mzima.

Kazi ngumu zaidi ilikuwa kuwafanya watu waogope kitu sahihi. Wengi huogopa kichaa cha mbwa peke yake, na wana haki ya kukiogopa, kwa sababu dalili zikishajitokeza hakuna tiba, ilhali chanjo ikianza mapema na ikamalizwa inazuia. Sista aliwapigia simu wale walioacha chanjo njiani kwa sababu jeraha limefunga. Kauli yake ilikuwa moja: “Mkono umepona, wewe bado.” Lakini kulikuwa na hatari ya pili ambayo watu waliichukulia kimzaha, nayo ni vijidudu vya kawaida vya mdomo wa mbwa, hata mbwa aliyechanjwa, hata mbwa wa sebuleni. Jino huacha tundu dogo juu na uchafu mwingi chini. Kwenye mkono, ambako mishipa na viungo viko karibu na ngozi, usaha unaweza kuharibu vidole kabla mwenye mkono hajaacha kusema ni kitu kidogo. Ndiyo maana hakupenda jeraha la meno lishonwe haraka, na ndiyo maana alimwonya kila mgonjwa: ukiona uvimbe unaongezeka, joto, usaha, mstari mwekundu unapanda au homa, usisubiri siku yako ya kliniki, njoo.

Baadaye akaongeza somo la haki. Wakili wa msaada wa sheria alikuwa akija kituoni kila Alhamisi, akikaa katika chumba cha mizani ya watoto, na kwa muda mrefu alikaa peke yake na mizani. Sista alianza kumpelekea chai, kisha maswali, kisha wagonjwa. Kutoka kwake alijifunza kwamba aliyeng'atwa ana haki ya kutibiwa kwanza na kuulizwa baadaye. Kwamba anaweza kudai kujua mbwa ni wa nani na kama amechanjwa. Kwamba jeraha lake liandikwe kama lilivyo, si kama mtu anavyotaka liwe. Kwamba mwenye mbwa aliyezembea anaweza kutakiwa kubeba gharama za matibabu na kazi iliyopotea. Na kwamba hakuna mwenye haki ya kumsainisha mtu suluhu ya haraka wakati bado anatetemeka kwa homa. Wakili alikuwa akilalamika kwa utani kwamba tangu amfahamu Sista hajawahi kunywa chai ikiwa ya moto.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo wengi wenu mmelisikia vipande vipande kwenye korido.

Miaka kadhaa iliyopita alikuja fundi cherehani mmoja, mama wa makamo mwenye kibanda nyuma ya soko. Alikuwa amempelekea mteja mapazia, geti likafunguliwa nusu, mbwa akamdaka mkono wa kulia. Aliumwagia maji kidogo, akaufunga kwa kitambaa kilichobaki kwenye yale mapazia, akarudi kushona kwa sababu sare za shule zilikuwa zinasubiriwa. Alipofika kwetu, mkono ulikuwa umeumuka kama unga uliotiwa hamira, vidole havikunjiki, na mstari mwekundu ulikuwa unakaribia kiwiko. Jua lilikuwa kali, naye anatetemeka.

Sista alimtuma mtu mbio kumwita daktari, na wakati wanamngoja akauweka mkono chini ya maji. Simulizi ikaanza. Fundi akausimulia mtaa, akausimulia ukuta wenye vipande vya chupa juu, akalisimulia geti la bluu lililopigiliwa bati la kijani chini kwa sababu mbwa alikuwa akichimba hapo. Akataja na jina ambalo mwenye nyumba alimwitia mbwa wake: Kamanda.

Hapo Sista akanyamaza. Hesabu ya vidonge ikanipotea, kwa kuwa sikuwahi kusikia maji ya chumba kile yakitiririka bila sauti yake. Geti lile alikuwa amelifungua na kulifunga utoto wake wote. Ni la kaka yake mkubwa, aliyemlea wazazi wao walipofariki, aliyeacha shule ili mdogo wake asome, na aliyempeleka chuo cha uuguzi akiwa amembebea sanduku begani. Na Kamanda hakuwa amechanjwa. Sista alijua, kwa sababu alishamwomba kaka yake mara nyingi ampeleke, na kila mara alijibiwa kwamba mbwa wa kufungiwa ndani, sindano ya nini.

Fundi hakujua kitu. Angeweza kuoshwa, kufungwa bandeji na kupelekwa hospitali kubwa, na jina la mwenye geti lisiandikwe popote. Nilimsikia Sista akivuta pumzi. “Mama, mwenye mbwa huyo ni kaka yangu wa tumbo moja,” alisema. “Ukitaka muuguzi mwingine akuhudumie, sema, nitamwita sasa hivi. Ukinikubali mimi, nitaandika kila kitu kama ulivyokisema na kama ninavyokiona.”

Fundi alimtazama, jasho linamtoka. “Wewe endelea tu, dada yangu. Unaoniuma ni mkono, siye kaka yako.”

Akaendelea. Daktari alipouona mkono hakupoteza dakika. Fundi akaanzishiwa chanjo ya kichaa cha mbwa, akachomwa dawa ya kinga kuzunguka jeraha, sindano ya pepopunda na dawa ya vijidudu, kisha gari la wagonjwa likamchukua. Huko hospitali kubwa walimpasua mkono kutoa usaha na kuusafisha, na kwa siku nyingi hakuna aliyethubutu kusema kama kidole cha shahada kitabaki. Kwa fundi cherehani hicho ndicho kidole kinachoongoza kitambaa kuelekea kwenye sindano. Alikuwa mjane, na watoto wake wote walikuwa wanakula kwa kidole hicho.

Mchana ule ule Sista aliomba ruhusa akaenda nyumbani kwa kaka yake. Alikuta wanaume wawili na rungu, na Kamanda amefungwa kwenye nguzo ya kamba ya kuanikia nguo. Aliwaomba wasimuue, kwa kuwa mbwa akiuawa na kufukiwa hivi hivi, hakuna atakayejua kama alikuwa mgonjwa, na yule mama atabaki na wasiwasi. Afungwe, apewe maji na chakula, daktari wa mifugo aarifiwe. Kaka alikubali mara moja, hata akamshukuru. Alidhani dada yake amekuja kuizima habari.

Kesho yake wifi yake alikuja kituoni na kikapu cha machungwa. Aliongea kwa upole sana, sauti ya chini. Familia ilikuwa inaomba jambo dogo tu, kwamba karatasi za kituo ziseme fundi alichomwa na sindano ya cherehani yake mwenyewe, kisha wao watamtunza kimya kimya, bila polisi wala aibu ya mtaani. Sista alimsikiliza hadi mwisho. “Wifi, sindano ya cherehani haina meno manne,” alisema, na akamrudishia kikapu. Chungwa moja lilidondoka, nikaliokota mimi. Hakuna aliyelidai.

Fundi alipotoka hospitali, mkono ukiwa kwenye bandeji, Alhamisi ya kwanza alikwenda moja kwa moja kwa wakili. Pande zote zikaitwa katika kile chumba cha mizani ya watoto. Kaka alikuja na rafiki yake, mtu wa maneno mengi, ambaye alieleza kwamba fundi aliingia bila kubisha hodi. Wakili akamwomba Sista aeleze anachokijua. Alisimama, mikono ameikunja mbele ya koti, akaeleza simulizi aliyoisikia na jeraha aliloliona. Kisha akaeleza na lile ambalo asingeulizwa na mtu yeyote, kwamba mbwa hakuwa na chanjo na kwamba mwenye mbwa alishaombwa ampeleke.

Kaka yake aligeuka akamtazama. “Nilikusomesha ili uje uniumbue mbele za watu?”

“Ulinisomesha niuguze watu, kaka,” alijibu Sista. “Huyu mama ni mtu.”

Sote tuliokuwa mlangoni tukaangalia chini. Suluhu iliandikwa siku ile, na kaka aliitimiza yote, matibabu na kazi iliyopotea, bila kusukumwa na mtu. Hilo nalo ni haki yake litajwe. Kamanda alimaliza siku zake za kuangaliwa akiwa mzima, akachanjwa, akaishi hadi uzeeni. Ila kaka aliacha kusema na dada yake.

Hakununa wiki moja wala mwaka mmoja. Alimpa mgongo kabisa. Sista alipita kwenye geti lile akabisha hodi, akaitikiwa na wifi peke yake. Binti wa Sista alipoolewa, mjomba hakufika, na hakutuma mtu wala salamu. Jumatatu baada ya harusi ile Sista aliingia stoo yangu ya dawa, akakaa juu ya katoni la dripu na kulia kama mtoto. Nilikaa naye. Nilitaka kusema neno la busara, nikalikosa, nikampa pamba. Alipojifuta nilimuuliza kama angerudishwa nyuma angefanya nini. Alisema angeandika vile vile, na ingemuuma vile vile. Kisha akaniambia nijikaze kisabuni, maana nami nilikuwa nimeanza, akarudi kwenye sinki lake. Sijawahi kumwonea mtu uchungu kama nilivyomwonea yeye asubuhi ile.

Fundi yuko mzima. Kidole kilibaki, ingawa hakikunjiki vizuri, naye amejifunza kuongoza kitambaa kwa kidole cha kati. Hicho kigumu anasema kinamfaa kuwanyooshea wateja wanaotaka nguo jana. Anahudhuria sherehe hii, na ameniruhusu niyaandike haya kwa sharti kwamba nitaje kuwa yale mapazia yalikuwa mazuri. Yalikuwa mazuri.

Yapo mengi ambayo nafasi haitoshi. Sista ndiye aliyewashawishi watu wa mifugo waje kuchanja mbwa katika uwanja wetu kila mwaka, siku ambayo sisi wa dirishani tunafunga milango na kufanya kazi kwa kupiga kelele. Ndiye aliyemfundisha muuguzi kijana anayemrithi, ambaye tayari ana tabia ya kumrudisha mgonjwa mwanzo wa simulizi. Hajawahi kuchelewa kazini. Amewahi kuwa mkali, hasa kwa waliogusa sabuni yake. Akiulizwa atafanya nini baada ya kustaafu, husema atalala, na hakuna anayemwamini.

Limebaki jambo moja, na hili yeye mwenyewe hana habari nalo.

Nilipoanza kuandika nilimwomba ruhusa ya kuisimulia habari ya fundi. Alikubali, ila kwa kauli ambayo haikuwa na mjadala: kaka asitajwe. Ametajwa vya kutosha, alisema. Kwa hiyo katika nakala ya kwanza niliandika kwamba mbwa alikuwa wa jamaa mmoja. Lakini moyo haukutulia, maana ni habari ya mtu aliye hai na anaishi mtaa wa tatu kutoka hapa. Nikapiga moyo konde, nikaenda kwenye geti la bluu na karatasi zangu.

Alifungua mwenyewe. Amezeeka, na anatembelea mkongojo. Hakunikaribisha ndani wala hakunifukuza. Alivaa miwani, akasoma akiwa amesimama, akaurudia ukurasa wa mkono ule mara ya pili. Nilijiandaa kupigiwa kelele.

“Hapa umeandika mbwa wa jamaa mmoja,” alisema.

Nikamwambia ndiyo mzee, ni kwa heshima tu, na ni Sista mwenyewe aliyetaka.

Alinirudishia karatasi. “Mimi si jamaa mmoja. Mbwa alikuwa wangu, na yule ni dada yangu. Yeye siku ile hakunificha, na wewe usinifiche. Andika.”

Nikaandika pale pale getini, karatasi nimeiegemeza kwenye lile bati la kijani. Alisubiri nimalize, akaisoma tena ahakikishe. Kisha akauliza sherehe inaanza saa ngapi, na kama ndugu wa mstaafu wametengewa mahali pa kukaa.

Kwa hiyo, Sista, usinikasirikie. Nimevunja kauli yako kwa amri ya mkubwa wako. Ratiba inasema sasa ni zamu ya hotuba, lakini kamati imeridhia zisubiri. Yuko safu ya mbele, upande wa dirisha, mwenye mkongojo. Nenda kwanza ukamsalimie kaka yako. Sisi tupo, na asante yetu kwa kila mkono uliouosha haitapoa. Uishi vyema, dada yetu.